Wifi anataka Golden Royal, wateja wananiita Mama Pacha

Dada Mshauri, kamwene.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Iringa mjini. Nasaga na kuuza unga wa lishe: mahindi, ulezi, soya na karanga kidogo. Nilianza kwa ajili ya pacha wangu walipoanza kula, maana ule wa dukani walikuwa wanautema. Jirani akaonja, akaomba nimsagie kilo mbili. Jirani wa jirani naye akaja. Sasa nawauzia wenye maduka ya mtaani, akina mama wanaotoka kliniki, na mwalimu mmoja wa chekechea anayechukua wa darasa zima. Huyo mwalimu hunichekesha. Kila akija ni yale yale: "Mama Pacha, vikombe vinarudi vitupu, niongezee."

Unga wenyewe hauna jina hadi leo. Naufunga kwenye mfuko mweupe, ndani naweka kikaratasi cha kuandika kwa kalamu, "Unga wa lishe, Mama Pacha", na namba ya simu.

Mwaka huu wifi yangu anayefanya kazi Dar es Salaam alinipa shilingi milioni tatu na nusu, tukanunua mashine yetu ya kusaga. Sasa tunataka jina la maana, lebo ya kuchapwa na bango. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Wifi anataka tuitwe "Golden Royal Nutri Foods Company Limited", na kaulimbiu iwe "Ubora ndio kipaumbele chetu". Anasema Mama Pacha ni jina la genge, haliwezi kukaa kwenye rafu ya supamaketi, na mtu wa Dar akiliona atadhani ni mama ntilie. Mume wangu anataka jina la marehemu mama yake, ambaye ndiye aliyenifundisha kukaanga soya kabla ya kusaga. Kijana wetu mkubwa yuko kidato cha sita. Yeye anasema tuchukue jina la kampuni moja kubwa ya unga tubadili herufi moja tu, watu watanunua kabla hawajasoma vizuri.

Mimi nilikuwa na kaulimbiu yangu, "Unga unaotibu utapiamlo", kwa sababu wapo watoto niliowaona kwa macho yangu wakinyanyuka. Nikafikiri tena tuweke kwenye lebo picha ya pacha wakiwa wachanga, wamenenepa vizuri. Picha ninayo.

Wifi nampenda, na bila yeye mashine isingekuwepo. Ndiyo maana kila nikitaka kubisha naona aibu, hela yake si imo ndani? Juzi kwenye simu nilijikaza nikamwambia mimi naona Mama Pacha linatosha. Akaniuliza, "Likiitwa Mama Pacha, mimi nitakuwa wapi?" Nikanyamaza, tukahamia habari za watoto.

Mchapaji anachapa lebo kuanzia elfu moja na anataka jibu. Fundi wa bango ameshachukua kianzio. Nishike lipi?

Mama Pacha, Iringa

*

JIBU

Kamwene sana, Mama Pacha.

Kabla hujaendelea kusoma, mpigie fundi wa bango umwambie asubiri. Kisha mchapaji. Kianzio hakiozi. Lebo elfu moja zenye jina ambalo msajili amelikataa hazina kazi nyingine zaidi ya kuwashia jiko.

Ukishapiga, rudi kwenye lile swali la wifi: "Mimi nitakuwa wapi?" Umelipita haraka sana kwenye barua yako, na mimi naona ndilo lililobeba ugomvi wote. Wifi ametoa milioni tatu na nusu. Katika jina lako wewe upo, watoto wako wapo, yeye hayupo. Golden Royal haina sura ya mtu yeyote, na nadhani hicho ndicho kinachompa raha kuliko hiyo dhahabu yenyewe. Mnabishania jina kwa sababu hamjawahi kuzungumzia hela. Ile hela ilikuwa zawadi kwa kaka yake na watoto? Ilikuwa mkopo? Au alinunua sehemu ya biashara? Nina hakika ukimuuliza yeye na ukajiuliza wewe, majibu hayatalingana.

Kama ni mkopo, andikeni utarudishwa lini na kwa kiasi gani, na jina ni lako, shauri analotoa ni la wifi tu. Kama ni sehemu ya biashara, basi ninyi ni washirika, na yeye ana haki ya kuonekana mahali. Muandikishane: nani ana kiasi gani, faida mnagawanaje, na mkija kuachana, jina linabaki kwa nani. Kwa maoni yangu jina Mama Pacha libaki kwako kwa sababu ni wewe mwenyewe, naye alipwe thamani ya sehemu yake. Hayo yaandikwe sasa hivi mkiwa bado mnachekeana. Shahidi asiwe mume wako. Huyo ni kaka wa mmoja na mume wa mwingine, akisema neno lolote ameumia. Tafuteni mtu mzima ambaye nyote mnamheshimu.

Sasa jina.

Mwaka 1887, huko Mombasa, Kaderdina Hajee Essak alianza biashara yake ya kanga. Watu walimwita Abdulla. Kanga zake zikawa zinachapwa alama "K.H.E. - Mali ya Abdulla", na mpaka leo kinamama wa pwani wanaitafuta alama hiyo wanapochagua. Angalia alivyofanya: herufi za jina lake rasmi zimo, na jina ambalo watu walikuwa nalo mdomoni limo pembeni yake. Hakuwalazimisha wanunuzi wajifunze kitu kipya.

Wewe uko mahali hapo hapo. Wateja wameshakupa jina, bure, na wanalitumia wanapoagizana. Lijaribu hilo jina jingine uone: mama wa Ipogolo anamtuma mtoto wa darasa la tatu dukani akalete "Golden Royal Nutri Foods". Mtoto atafika dukani amebaki na "Royal", na mwenye duka atampa chochote chenye taji kwenye pakiti. Mtoto huyo huyo akiambiwa "kalete wa Mama Pacha" anarudi nao. Unaweza kufanya jaribio lenyewe bila gharama: mpigie mtu simu mahali penye mtandao mbovu, mtajie jina mara moja tu, mwambie akuandikie alichosikia. Fanya hivyo kwa watu wa rika tofauti. Jina linaloandikwa namna tofauti kila mara liache.

Na hilo neno "Company Limited" wifi aliache kwa sasa. Halibandikwi kwa kupendeza. Ni la kampuni iliyosajiliwa kama kampuni, yenye katiba yake, wakurugenzi, na taarifa za kila mwaka za kupeleka BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara. Mnaweza kufika huko. Leo mnachohitaji ni jina la biashara, ambalo BRELA wanalisajili kwa njia ya mtandao. Muwe na namba zenu za kitambulisho cha taifa (NIDA), na mkiwa washirika, nyote wawili mtaandikwa kwenye usajili huo kama wamiliki. Hapo wifi ameshapata mahali pa kwanza pa kuwepo.

La pili hili hapa. Lebo ya chakula ni lazima iseme nani ametengeneza na anapatikana wapi. Basi mbele ya pakiti, kwa herufi kubwa, "Mama Pacha". Nyuma, "Imetengenezwa na", kisha jina la ushirika wenu, na hilo mwachie wifi alichague. Akitaka Golden Royal, mpe Golden Royal. Mteja hatalitamka hata siku moja, lakini ndilo litakalokuwa kwenye usajili, kwenye risiti na kwenye akaunti ya benki, na wifi atakuwa nalo kwa haki. Mtajikuta mmefanya kama Abdulla bila kujua.

Kijana wako wa kidato cha sita mwambie nimemsikia na jibu ni hapana. BRELA hukataa jina linalofanana mno na lililokwisha kusajiliwa. Hata likipenya, mwenye alama ya biashara anaweza kukupeleka mahakamani, na kampuni kubwa ina mawakili wa mshahara. Halafu kuna aibu ya sokoni: mteja akigundua herufi iliyobadilishwa, ataamini na unga umechanganywa. Unga wa mtoto! Hapo harudi tena kwako.

Mume wako nitamrudia kidogo chini. Wazo lake ni zuri, ila amelielekeza pasipo pake.

Usidhani Mama Pacha halina matatizo. Tatizo lake kubwa ni kwamba kila mtaa wa Tanzania una Mama Pacha wake. Kabla ya kitu chochote ingia kwenye mfumo wa BRELA utafute kama limeshachukuliwa, na kwa biashara gani. Utafute upande wa majina ya biashara na upande wa alama za biashara, kwa sababu ni vitu viwili, na hapa ndipo wajasiriamali wengi wanapoumia. Kusajili jina la biashara kunatambulisha nani anafanya kazi chini ya jina hilo. Hakumzuii mtu wa Mbeya kubandika jina lako kwenye pakiti yake. Anayemzuia ni mwenye alama ya biashara, ambayo inasajiliwa peke yake chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Alama husajiliwa kwa madaraja ya bidhaa, na unga umo daraja la 30. Ukiipata inakulinda kwa miaka 7 ya mwanzo, kisha unaihuisha kwa miaka 10 kila mara. Usajili huo ni wa Tanzania Bara tu. Mkija kuuza Zanzibar, huko kuna wakala wao wa usajili, BPRA, na mtaanza upya.

Lolote utakaloongeza kwenye jina, usiongeze "Lishe Bora" wala "Afya" ukadhani umejilinda. Maneno hayo ni ya kila mtu na hakuna atakayekupa uyamiliki. "Unga wa lishe" liandike kwa herufi ndogo chini ya jina ili mtu ajue ndani kuna nini, basi. Kama Mama Pacha peke yake limechukuliwa kwenye daraja lenu, tafuteni jina la ukoo au la utani la kuliongezea. Mkikosa kabisa, niandikie tena, ila fanyeni hivyo kabla ya bango. Kampuni kubwa zinaweza kubadili majina katikati ya safari: Novemba 2024 kampuni ya simu ya Tigo iligeuka Yas, na ilikuwa na fedha za kupaka rangi upya maduka na vibanda vya nchi nzima. Hata hivyo nenda sokoni leo uwasikie watu wakisema Tigo Pesa. Wewe huna fedha hizo.

Kuhusu supamaketi, wifi ana hoja nusu. Pakiti yenye kikaratasi cha kalamu haitapokelewa. Lakini mnunuzi wa supamaketi hatakataa kwa sababu ya jina Mama Pacha. Atauliza alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, atauliza barkodi, ambazo hapa nchini hutolewa na GS1 Tanzania na huanza na 620, na atauliza kama unaweza kumletea mzigo kila wiki bila kukatika. Mpe wifi kazi hiyo. Yuko Dar, anajua kuongea na maofisa, na ataacha kuwa mtu wa kutoa hela tu. Wewe nenda ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, hapo Iringa ukaombe barua ya utambulisho. TBS wana utaratibu wao kwa wajasiriamali wadogo, na barua hiyo ndiyo mlango wake.

Sasa kaulimbiu. Ya wifi, "Ubora ndio kipaumbele chetu", iweke chini ya jina la benki. Iweke chini ya gereji. Iweke chini ya hospitali, chini ya duka la simu, chini ya chuo cha udereva. Inakaa kote, kwa hiyo haimwambii mtu kitu kuhusu unga wako. Ni maneno ya kujazia nafasi kwenye bango, na fundi wa bango anatoza kwa ukubwa.

Yako wewe inasema kitu, na ndiyo maana ni ya hatari. "Unga unaotibu utapiamlo". Chakula hakitangazwi kuwa kinatibu. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula uko chini ya TBS, na lebo inayodai kuponya ugonjwa haitapita. Mbali na sheria, fikiria mama mwenye mtoto aliyevimba miguu na nywele zimebadilika rangi. Akisoma lebo yako atanunua kilo mbili abaki nyumbani, badala ya kumkimbiza mtoto hospitali. Wale watoto uliowaona wakinyanyuka, shukuru Mungu, na usiwaandike kwenye pakiti.

Picha ya pacha nayo iache kwanza. Mwaka 1981 Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kimataifa za kudhibiti matangazo ya maziwa mbadala, kwa sababu matangazo hayo, pamoja na picha za watoto wanono kwenye makopo, yalikuwa yakiwafanya akina mama waone maziwa yao hayatoshi. Tanzania nayo ina kanuni zake kuhusu vyakula vya watoto wachanga na wadogo, kwa hiyo mtoto mchanga mnono kwenye lebo ni jambo la kuwauliza TBS kwa mdomo wako kabla mchoraji hajagusa kompyuta. Andika wazi kwamba unga ni wa mtoto aliyetimiza miezi 6. Kabla ya hapo ni maziwa ya mama peke yake. Na hao pacha watakuwa vijana siku moja. Sijui kama watafurahi kukutana na mapaja yao ya utotoni dukani wakiwa na wachumba. Vikombe viwili vinavyofanana vinatosha kusema pacha.

Kaulimbiu yako ipo, umeiandika mwenyewe kwenye barua ukaipita. Yule mwalimu wa chekechea! "Vikombe vinarudi vitupu." Hakuna benki wala gereji inayoweza kusema hivyo. Kila mzazi aliyewahi kuhangaika na mtoto anayefunga mdomo ataelewa papo hapo, na aliyesema ni mteja, si wewe unayejisifu.

Ila usiichape ilivyo. Mwalimu anaisema mlangoni kwako akiwa anacheka, na wote mnajua vikombe vipi. Ukiiandika kwenye lebo, "Kikombe kitupu", mtu asiyejua habari atasoma njaa. Nilijaribu kuigeuza huku na huku. "Kikombe kinarudi kitupu" bado ina utupu. "Hasazi mtoto" imekaa kama methali ya kulazimisha. "Mtoto anamaliza kikombe" imenyooka. Nikakata tena: "Mtoto anamaliza." Maneno mawili, yanatosha kwenye pakiti ya nusu kilo, na mwenye duka anaweza kuyasema akiwa anahesabu chenji. Yatakuletea utani, nakuambia mapema, kwa sababu hakuna unga duniani ambao kila mtoto anaumaliza. Mama mmoja atakuja na kikombe kilichobaki nusu akuonyeshe. Mpokee, cheka naye, umuulize ameupikaje. Mwalimu naye mwombe ruhusa, umpe kilo kadhaa za asante.

Tumefika kwa mume wako. Mama yake hakukuachia jina la kuweka kwenye bango, alikuachia kazi: soya ikaangwe kwanza. Hilo ni jambo la kweli na mteja analisikia mdomoni, maana soya iliyosagwa mbichi ina ule ukakasi wa maharage yasiyoiva, na tumbo la mtoto linaihangaikia. Chini kabisa ya pakiti andikeni mstari mmoja: "Soya yetu hukaangwa kwanza, kama alivyotufundisha bibi yao pacha." Msomee jioni uone uso wake. Ukiandika hivyo, lakini, umejifunga; siku umeme ukikatika na oda zimejaa, soya bado itakaangwa.

Ukimpigia wifi, anza na hela, jina lifuate. Mwambie: "Wifi, nimelifikiria lile swali lako, naomba tuandikishane." Baada ya hapo mwambie kuna jina moja la nyuma ya pakiti linamsubiri yeye alichague. Mpigie jioni akishatoka kazini, na usimpigie mbele ya kaka yake.